mRNA, iRNK na miRNA si herufi za kubandika ovyo

Herufi ndogo inayotangulia RNA, asidi ya ndani ya seli inayofanya kazi na maagizo ya DNA, si pambo. Watu wanaandika miRNA wakikusudia mRNA, na waliosomea kwa Kirusi nao wanatuletea "iRNA" kana kwamba ni aina ya nne, juu ya mRNA, tRNA na rRNA. Tuwekane sawa.

Upesi upesi: mRNA ni nakala ya maagizo ya jeni, tRNA huleta asidi amino, yaani matofali ya protini, na rRNA, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote ndani ya seli, hujenga ribosomu, kiwanda cha protini. Hayo ni ya sekondari.

Warusi huandika RNK kwa sababu asidi kwao ni "kislota". Herufi t na r hazisumbui: "transportnaya" ni ya uchukuzi, "ribosomnaya" ni ya ribosomu. Kasheshe iko kwenye m. Kwa Kiingereza ni "messenger", yaani tarishi, jina walilolitoa wanasayansi Wafaransa Jacob na Monod mwaka 1961 kwa kuwa molekuli hii hubeba ujumbe wa DNA hadi kwenye ribosomu. Kirusi nacho kina mRNK, ila m yake ni ya "matrichnaya", yaani kiolezo. Mmoja ameangalia safari, mwingine ameangalia inavyosomwa ikifika. Tena Warusi wana jina la pili la molekuli hiyohiyo, iRNK, "informatsionnaya", lililojaa kwenye vitabu vyao vya shule. Ndiyo hiyo "aina ya nne".

Mtego wenyewe uko kwenye mi. Kwa Kiingereza, miRNA ni mikro-RNA: kipande cha nyukleotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) 22 hivi, kisichobeba maagizo ya protini yoyote, ambacho hushika mRNA na kuizuia kazi. Ya kwanza iligunduliwa kwenye mnyoo C. elegans mwaka 1993, na wagunduzi Ambros na Ruvkun wakapewa Nobel mwaka 2024. Warusi huiandika kwa urefu, mikroRNK. Kwao miRNK ni "malaya interferiruyushchaya", yaani RNA ndogo yenye kuingilia, ambayo Waingereza huiita siRNA ("small interfering"). (Na RNAi, kwa wanaoiingiza humu, si molekuli; ni mchakato wenyewe wa RNA ndogo kuzima jeni.)

Kwa hiyo, ndugu mfasiri, ukikuta iRNK andika mRNA. Ukikuta miRNK andika siRNA, hata kama jicho linakushawishi vingine. Na zile chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna ni za mRNA, bila i.