Je, wajua kwa nini Wakristo humpa mgonjwa sala ya malalamiko?

Kila Ijumaa usiku, kabla ya kulala, mapadri, watawa na walei (waumini wa kawaida) wanaosali Liturujia ya Vipindi, yaani sala rasmi za Kanisa Katoliki za nyakati mbalimbali za siku, hufungua Zaburi ya 88. Ni sala ya mtu aliyezidiwa. Anaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wake, na baada ya hapo hapati nafuu yoyote. Amelia mchana na usiku, marafiki wamemkimbia, anajiona amekwisha kuhesabiwa pamoja na wafu. Mstari wa mwisho unasema: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Zaburi inaishia hapo, gizani, bila aleluya na bila neno la shukrani. Waliosali wanazima taa na kulala.

Anayeisikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza: sala ya namna hii inamfariji nani?

Swali linakuwa zito zaidi kwa sababu sisi tumezoea faraja ya namna nyingine. Tunakwenda kumtazama mgonjwa wodini na uji kwenye chupa ya chai, tunaimba pambio, tunaomba, na kabla ya kuaga lazima atokee mmoja wa kusema, "Usilie, mshukuru Mungu, kuna waliozidi kuliko wewe." Anayesema hivyo ana nia njema. Lakini kitabu alichokikumbatia kina machozi mengi kuliko tunavyokumbuka. Kwa hesabu ya wataalamu wengi, karibu theluthi moja ya zaburi zote 150 ni za kulia na kulalamika. Kundi hilo ni kubwa, na bado kwenye kadi za pole na jumbe za asubuhi za simu huwa tunaona Zaburi ya 23, ya 91 na ya 121, basi.

Zaburi hizi za kilio zinaujua mwili. Ya 6 inasema, "Nimechoka kwa kuugua kwangu; kila usiku nakieleza kitanda changu; nalilowesha godoro langu kwa machozi yangu." Ya 38 ni ya mtu mwenye homa na vidonda vinavyonuka, ambaye ndugu zake wanasimama mbali naye. Ya 102 inamtaja mtu aliyesahau hata kula, mifupa imeshikana na ngozi, amekesha peke yake kama ndege juu ya paa. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa muda mrefu anaitambua hali hiyo, hata ile ya ndugu kusimama mbali. Hakuna mahali ambapo Zaburi inamkaripia mtu huyu na kumwambia ajikaze.

Na hapo ndipo faraja inapoanzia: mgonjwa anapewa maneno. Maumivu makali humnyang'anya mtu lugha, anayeulizwa "unajisikiaje leo?" hujibu "afadhali kidogo" kwa sababu hana jibu lingine, au kwa sababu anawahurumia waliokuja. Athanasio, askofu wa Aleksandria katika karne ya 4, alimwandikia Marselino barua ndefu kuhusu zaburi, akamweleza kwamba katika vitabu vingine vya Biblia tunasikia habari za watu wengine, lakini anayesoma zaburi huyatamka maneno yale kama yake mwenyewe. Alizifananisha na kioo ambamo mtu huiona nafsi yake. Mgonjwa aliyeshindwa kuunda hata sentensi moja ya sala anakuta tayari imeundwa, na imeandikwa ndani ya kitabu kitakatifu. Hilo la mwisho lina uzito kwa mwamini. Maana yake ni kwamba kilio chake kimeruhusiwa, hakijaonekana kuwa upungufu wa imani.

Lakini je, kulalamika si dhambi? Waisraeli hawakuadhibiwa jangwani kwa kunung'unika? Waliadhibiwa, naam. Tofauti iko kwa yule anayeambiwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 1 inasema walinung'unika hemani mwao. Walimsema Mungu kana kwamba hayupo. Mwenye zaburi hamsemi Mungu pembeni, anamkabili. Hata pale Zaburi ya 88 inapofikia giza lake la mwisho, bado inasema "umewatenga", wewe, uliye mbele yangu ninapozungumza. Mtu aliyekata tamaa kabisa hunyamaza. Anayelalamika mbele za Mungu bado anaamini kuna sikio.

Ayubu ndiye shahidi mkubwa wa jambo hili. Rafiki zake watatu walifanya vizuri mwanzoni, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakiona jinsi mateso yake yalivyokuwa makuu. Walipofungua midomo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu walianza kumtetea Mungu kwa kumlaumu mgonjwa. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anasema hasira yake imewawakia hao watetezi wake, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Ayubu, aliyeilaani siku aliyozaliwa! Natamani sura hiyo isomwe kwa sauti kwa kila kundi linalojiandaa kwenda hospitali kuombea wagonjwa.

Sasa tazama namna zaburi hizi zinavyotembea, kwa sababu Zaburi ya 88 ni ya pekee; nyingine nyingi hazibaki mahali zilipoanzia. Chukua Zaburi ya 13, yenye mistari sita tu. Inaanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Hata lini, hata lini, mara nne ndani ya mistari miwili. Katikati linakuja ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Halafu ghafla: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Kati ya mstari wa nne na wa tano hatuambiwi kwamba homa imeshuka wala kwamba adui ameondoka. Kitu kimebadilika ndani ya mtu wakati hali yake ya nje ni ileile.

Wataalamu wa Biblia wamehangaika sana na mgeuko huu. Mwaka 1934 Mjerumani Joachim Begrich alipendekeza kwamba hapo katikati, hekaluni, kuhani alimjibu mwombaji kwa neno la Mungu, neno la aina ya "usiogope", ambalo halikuandikwa pamoja na zaburi. Si wote waliokubaliana naye, ila Biblia inacho kisa kinachofanana mno na wazo lake. Hana, mke wa Elkana, alikwenda Shilo akiwa na uchungu wa kukosa mtoto, akaomba huku midomo ikichezacheza na sauti haisikiki, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Akamjibu kwamba hapana, ameimimina roho yake mbele za BWANA. Eli akasema, "Enenda kwa amani, na Mungu wa Israeli akujalie haja yako uliyomwomba." Mwanamke akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Angalia mpangilio wa matukio: alikula kabla ya kupata mimba. Samweli alikuja baadaye. Faraja ilimfikia akiwa bado yuleyule aliyekuwa akidhihakiwa na mke mwenzake.

Sayansi nayo ina la kusema kuhusu sehemu ya jambo hili, ingawa si lote. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu 30 picha za nyuso zenye woga na hasira huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, ambayo huwaka tunapotishika, ilipungua kufanya kazi. Kuupa woga jina hupunguza nguvu yake. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake, kutoka Italia, walipima watu 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini kama inavyosaliwa katika rozari. Pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mdundo wa taratibu unaousaidia mwili kurekebisha msukumo wa damu.

Anayesali zaburi kwa mtindo wa monasteri hashangai. Katika vitabu vingi vya sala, kila mstari wa zaburi una alama ndogo ya nyota katikati. Hapo husimami kufikiri wala kuongeza la kwako, unavuta pumzi. Upande mmoja wa kikanisa unasali ubeti, upande wa pili unangoja, kisha unapokea. Kwa mtu ambaye kifua kimebanwa na wasiwasi, kule kusubiri wenzake wamalize ubeti wao ni msaada tosha. Na siku sauti yake isipotoka, zaburi inaendelea kusaliwa na wengine kwa niaba yake.

Kwa Mkristo, hata hivyo, sababu iliyo juu ya zote ni Yesu mwenyewe. Injili ya Marko inasema saa tisa alilia kwa sauti kuu, "Eloi, Eloi, lama sabakthani?" Huo ni mwanzo wa Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kwa Luka, pumzi yake ya mwisho ni Zaburi ya 31: "mikononi mwako naiweka roho yangu." Zote mbili ni zaburi za kilio. Mwana wa Mungu, alipoumia kuliko wote, aliomba kwa maneno yaleyale ya wagonjwa na walioonewa wa taifa lake. Kwa hiyo anayelia "mbona umeniacha" kitandani hasemi neno ambalo Mungu hajawahi kulisema kwa kinywa chake.

Na uponyaji je? Yakobo sura ya 5 iko wazi: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Makanisa yetu yanafanya hivyo, na watu hupona. Lakini Agano Jipya halifichi upande wa pili. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Katika 2 Timotheo 4 anaandika kwamba alimwacha Trofimo katika mji wa Mileto, akiwa hawezi. Mtume ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona alimwacha mwenzake akiwa mgonjwa, na hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Safari zake alifuatana na Luka, anayemwita tabibu mpendwa. Biblia ya Kikatoliki ina Yoshua bin Sira sura ya 38, inayoagiza mgonjwa aombe kwa Bwana na pia ampe nafasi tabibu, kwa kuwa dawa zimeumbwa na Bwana kutoka katika nchi. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake ili kuonyesha imani anamtwisha mzigo ambao mitume hawakumtwisha mtu.

Jambo moja zaidi linaelezea kwa nini sala hizi zimewekwa katika ratiba ya kila siku badala ya kungojewa siku ya msiba. Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, aliagiza watawa wake wamalize zaburi zote 150 kila wiki. Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, katika Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1549, alizigawa kwa siku 30, asubuhi na jioni. Kwa mpangilio huo msomaji hachagui zaburi inayolingana na moyo wake. Mwenye furaha anakutana na kilio, anamwombea asiyemjua. Aliyefiwa anakutana na sifa, wengine wanamwimbia. Jioni ya siku ya nne ya mwezi, Cranmer aliziacha Zaburi ya 22 na ya 23 zifuatane: "mbona umeniacha" kwanza, na mara tu baada yake, "BWANA ndiye mchungaji wangu." Tumezoea kuisali ya pili peke yake. Ijaribu baada ya ile ya kwanza, bila kuruka mstari, na utasikia bonde la uvuli wa mauti likiwa na uzito mwingine.

Anayetaka kuanza nyumbani aanze na Zaburi ya 13, jioni, kwa sauti ya kusikika. Ni fupi hata kwa mtu asiye na nguvu. Penye neno "adui", wengi huutaja ugonjwa wenyewe kwa jina, au deni la matibabu, au ule usiku usioisha. Mstari wa tano ukigoma kutoka mdomoni, mwache mtu wa pembeni ausome.

Huyo wa pembeni naye asisahaulike. Sala zetu humzunguka aliyelala kitandani, na aliyekaa kwenye benchi la wodini wiki nzima, anayefua shuka na kuhesabu nauli, huulizwa tu hali ya mgonjwa. Zaburi ya 35 inamkumbuka mtu aliyefunga na kuvaa gunia kwa sababu wengine wameugua. "Hata lini" ni sala yake pia, na anaweza kuitamka bila kuogopa kwamba amemchoka mgonjwa wake.