Amechanganyikiwa Ghafla? Hospitali Leo: Maswali ya Wanaotembelea Wazee Wenye Dimenshia

Kina mama wa jumuiya na vijana wa kanisa hapa Kisauni wanaotembelea wazee majumbani hunijia na maswali yaleyale. Nayajibu nikiwa muuguzi, na nikiwa Mkristo anayeipenda huduma hii.

Dimenshia ni nini hasa?

Ni ugonjwa wa ubongo unaokuja polepole, kwa miezi na miaka, mpaka mtu anapoteza kumbukumbu, maneno na uwezo wa kujihudumia. Uzee peke yake hauleti hali hiyo. Aina inayoongoza ni Alzheimer, asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kiharusi pia huileta, ndiyo maana nahimiza sana dawa za presha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 57 duniani mwaka 2021. Hauambukizi, na bado haujapata dawa ya kuuponya.

Bibi tunayemtembelea alikuwa anasahau tu. Tangu juzi anaropokwa na usiku anaona watu ukutani. Ugonjwa umezidi?

Nimesema polepole. Dimenshia haimgeuzi mtu kwa siku mbili. Mzee akibadilika ghafla, kuna jambo jingine limempata, na mara nyingi linatibika: maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, sukari kushuka au kupanda, choo kuwa kigumu, au maji kupungua mwilini. Na joto letu la Mombasa mnalijua. Mzee hasikii kiu kama nyinyi.

Msingoje homa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usiwe moto, wala asilalamike maumivu. Kuchanganyikiwa ndiko kulalamika kwake. Hospitali leo, si baada ya mkesha wa Ijumaa.

Na kama hasumbui, analala tu?

Huyo ananitia hofu zaidi. Familia hufurahi kwamba "leo ametulia", kumbe anazama. Mzee aliyekuwa akizungukazunguka nyumba nzima, sasa hafungui macho hata kwa uji: hospitali leo.

Hatuwezi kumwombea kwanza? Huenda ni pepo.

Mwombeeni ndani ya tuktuk mkiwa njiani kwenda hospitali. Ninaowapokea huletwa siku ya tatu, ya nne, midomo imepasuka, ulimi mkavu kama ngozi, dawa za presha na sukari zimesimamishwa kwa sababu mzee "yuko kwenye mfungo". Tafadhalini sana. Mgonjwa mzee hafungishwi, na dawa zake hazisimamishwi na mtu asiyeziandika.

Halafu mchunge ndimi zenu. Hapa Pwani, Kilifi na Kwale hasa, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mama anayetoka nje usiku na leso moja hajui kwamba ni usiku, basi. Mhudumu wa kanisa akitamka "pepo" sebuleni, jioni mtaa mzima umesikia, na nyinyi mmekwenda zenu.

Tukifika hospitalini tuseme nini?

Semeni wiki iliyopita alikuwaje na mabadiliko yalianza lini. Mkiambiwa "ni uzee tu", rudieni kwa heshima: "Hii si kawaida yake." Ombeni apimwe presha, sukari, malaria na mkojo. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za duka la dawa. Kuna familia zinazompa mzee dawa ya mafua kila usiku ili alale. Dawa hiyohiyo humvuruga akili. Iacheni.

Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, hicho huenda ni kiharusi. Hata chai msimpe, ondokeni naye.

Siku za kawaida, huduma yenyewe tuifanyeje?

Kaeni mbele yake, usawa wa macho, mtaje majina yenu, mseme jambo moja kwa wakati. Na mtihani wa "Unanikumbuka mimi?" uishe. Unamwaibisha. Akiuliza mumewe yuko wapi, naye alifariki zamani, msimpe tanzia upya kila Jumamosi. Mwulizeni, "Alikuwa akifanya kazi gani?" Atawasimulia habari za bandarini mpaka mchoke.

Sala iwe fupi, nyimbo ziwe za ujana wake. Asiyekumbuka jina la mwanawe mara nyingi atawamalizia ubeti mzima. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anaagiza mzazi avumiliwe hata akili zikimpungukia, nami sijui agizo lililo wazi zaidi ya hilo.

Akila, akae wima, kijiko kidogo, ameze ndipo mwongeze. Kumlisha akiwa amelala hupeleka uji mapafuni. Maji mpeni kidogo kidogo mchana kutwa, isipokuwa daktari ameweka kipimo.

Mkumbukeni na binti anayemtunza. Wageni kumi wa nusu saa wanaosubiri chai wanamwongezea kazi. Wawili wanaokaa na mzee kwa muda wa saa tatu, binti akalala, ndio wamehudumu.

Ikitokea Jumapili, kliniki ya mtaani imefungwa?

Sehemu ya dharura ya hospitali kubwa haifungwi Jumapili. Mmoja aende na mzee, mwingine abaki na watoto wa nyumba hiyo, na mchango wa nauli uanze kabla ya ibada kwisha.