Chai haina kesi ya kujibu

Nimeisikia tena, na safari hii si kutoka kwa mgonjwa bali kwa daktari mwenzangu wa meno. Alikuwa anamwambia mama wa watu apunguze strungi, eti ndiyo iliyobadilisha rangi ya krauni zake za kauri, zile kofia zinazovikwa jino. Hapa Nakuru, umwambie mtu apunguze chai!

Kauri iliyopikwa ikaiva na kupakwa glezi, yaani tabaka la kioo juu yake, haina matundu ya kunywa chai. Tazama kikombe chako: ndani kinashika weusi, ukikisugua unatoka, na kikombe kinabaki kilivyokuwa. Doa la chai au la sigara kwenye krauni huondoka hivyo hivyo tukikusafisha meno. Kinachonywa rangi ni kompositi, ile plastiki yenye rangi ya jino, na wapo wengi waliowekewa vinia (ganda jembamba la kufunika uso wa jino) za bei nafuu wakadhani ni kauri kumbe ni kompositi. Hao chai inawahusu. Tuendelee.

Mshtakiwa wa kwanza ni sisi wenyewe. Krauni ikishagandishwa, mgonjwa anauma, anasema iko juu. Daktari anachukua ncha ya almasi, anaparuza hapa na pale, anasema "utaizoea", anaita anayefuata. Pale alipoparuza glezi imekwisha na uso umekuwa kama msasa. Madoa sasa yana pa kushika, na jino linaloumana na hiyo krauni linasagika. Dawa yake inajulikana: mipira ya kung'arishia, kuanzia ile ya kukwaruza hadi ile laini, kisha krimu yenye unga wa almasi. Ni dakika chache tu! Wapo wanaoshikilia kwamba lazima krauni irudishwe kwenye tanuri la maabara ipakwe glezi upya. Mimi siko upande wao. Kauri iliyong'arishwa kwa subira inaweza kuwa laini sawa na ya glezi, na glezi yenyewe hulika kinywani miaka ikienda. Ikilika, huondoka na rangi ambazo fundi alizipaka juu juu. Ndiyo maana krauni ya zirkonia, kauri ngumu nyeupe, iliyopakwa rangi kwa nje tu huanza kuonekana nyeupe butu.

Tena kuna jeli ya floraidi yenye asidi, inayopakwa kuimarisha meno. Asidi ile hula kioo kilichomo kwenye kauri. Mwenye krauni apakwe ile isiyo na asidi. Basi.

Mshtakiwa wa pili amejificha chini: saruji, yaani gundi inayoishika krauni au vinia kwenye jino. Saruji za resini zinazoganda kwa mwanga na kwa kemikali kwa pamoja, nyingi zina amini, kemikali inayosaidia kugandisha, na amini hugeuka manjano kadiri muda unavyopita. Chini ya krauni nene hutaona kitu. Chini ya vinia ya nusu milimita utaona, na utailaumu kauri. Kwa vinia natumia saruji ya mwanga peke yake, ingawa nakiri kwamba majaribio hayasemi kwa sauti moja. Mengi huchemsha visahani vya kauri kwenye kahawa au kuvianika chini ya taa kali, na kinywa si sufuria. Hata neno "thabiti" lategemea mstari umechorwa wapi: kwenye kipimo cha rangi kiitwacho ΔE, tofauti ya 1.2 huonekana na nusu ya watazamaji, ya 2.7 nusu yao bado huikubali, lakini ripoti nyingi zimetumia 3.3 ya zamani. Ukisogeza mstari, kauri ile ile inafaulu.

Halafu jino lililo chini. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita 1.5 mg kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia tunayajua sote. Ukivika jino kama hilo vinia nyembamba inayopitisha mwanga, kahawia inapenya siku hiyo hiyo. Hapo hakuna kilichobadilika. Rangi haikuwahi kulingana. Vivyo hivyo kwa daktari anayechagua rangi baada ya saa nzima ya kuchonga: meno yamekauka, yanaonekana meupe kuliko yalivyo, na mate yakirudi krauni inabaki peke yake.

Linalokera zaidi ni kwamba mara nyingi krauni haijasogea hata kidogo. Meno jirani ndiyo yamekolea kwa umri. Au mgonjwa amejipaka dawa ya kung'arisha, meno yake yakawa meupe na krauni ikabaki vile vile, kwa sababu dawa hiyo haigusi kauri. Na ule mstari wa kijivu kwenye ufizi ni chuma cha krauni ya chuma na kauri. Ufizi umerudi nyuma, chuma kikachungulia.

Kwa hiyo kunywa strungi yako. Ila kabla hujashuka kwenye kiti, pitisha ulimi kwenye krauni mpya. Ukikuta panakwaruza, usilipe kwanza. Mwambie daktari achukue ile mipira.