Dopamini peke yake haisemi kitu, vipokezi ndo vinaamua

Maswali tunayoletewa sana kwenye taasisi yetu ni ya aina moja: mtu kasoma mtandaoni kwamba dopamini ni kemikali ya furaha, serotonini ni ya utulivu, adrenalini ni ya hofu, afu anauliza afanyeje aongeze ile ya furaha na apunguze ile ya hofu. Naelewa kwa nini watu wanaipenda hiyo hesabu, ni nyepesi na inatosha kwenye video ya dakika moja. Ila ubongo haufanyi kazi hivyo. Hizi kemikali tunazoziita nyurotransmita, yaani zinazopeleka habari kutoka seli ya neva kwenda seli nyingine, hazina furaha wala huzuni ndani yake, ni molekuli ndogo tu, na kitakachotokea zikishaachiwa kinategemea zimetua kwenye kipokezi gani (kipokezi ni protini ya kwenye seli inayozipokea), cha seli gani, sehemu gani ya mwili.

Chukua hiyo hiyo dopamini. Mgonjwa wa ICU ambaye presha imeshuka vibaya anaweza kuwekewa dripu ya dopamini, na kweli presha inapanda, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, lakini hajawahi kuamka mtu anacheka kwa ajili ya dripu hiyo. Sababu ni kwamba dopamini iliyo kwenye damu haivuki kile kizuizi kati ya damu na ubongo, kwa hiyo inaishia kukutana na vipokezi vya moyo na vya mishipa ya damu basi. (Ndo maana pia wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka unaotokana na upungufu wa dopamini ubongoni, hawapewi dopamini yenyewe, wanapewa levodopa ambayo inavuka kwanza afu inageuzwa kuwa dopamini ikiwa imeshafika ndani.) Halafu kwenye tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo, dopamini kazi yake ni kuzuia homoni ya kutengeneza maziwa, kwa hiyo mtu akitumia dawa zinazoziba vipokezi vya dopamini anaweza kuanza kutoka maziwa hata kama hajazaa, na wanaume wamo. Sasa hapo furaha iko wapi?

Hili wazo la vipokezi siyo jipya, lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge alikuwa anacheza na nikotini na kurare, ile sumu ya mishale ya Amerika Kusini, kwenye misuli ya wanyama. Akakuta nikotini inaufanya msuli ujikaze hata kama neva yake imeshakatwa na kufa, na kurare inazuia hilo, lakini ukiupiga umeme msuli wenyewe moja kwa moja bado unajikaza vizuri. Kwa hiyo msuli ni mzima, neva haihusiki, na bado kuna kitu kwenye seli ya msuli ambacho nikotini inakishika na kurare inakiziba. Akakiita kitu cha kupokea, wakati huo hakuna aliyewahi kukiona na wengine walimbishia sana.

Miaka 16 baadaye, 1921, Otto Loewi kule Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya chura. Ule wa kwanza akaichokoza neva yake ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, mpaka ukapunguza kasi, akachukua maji yaliyouzunguka akayahamishia kwenye moyo wa pili ambao haukuguswa neva yoyote, na wenyewe ukapunguza kasi. Yaani neva ilikuwa imemwaga kitu kwenye maji. Kitu chenyewe kilikuja kujulikana ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wakapewa Nobeli.

Unganisha sasa hizo habari mbili, maana hapa ndo penyewe. Neva inayokwenda kwenye msuli wa mguu inamwaga asetilikolini na msuli unajikaza. Neva ya vagasi inamwaga asetilikolini ile ile, molekuli kwa molekuli haina tofauti hata chembe, na moyo unapunguza kasi. Kwenye mguu kuna kipokezi ambacho ni tundu, asetilikolini mbili zikikaa juu yake linafunguka, sodiamu inaingia, msuli unastuka. Kwenye moyo kipokezi ni cha aina nyingine kabisa, hakina tundu, chenyewe kinaiamsha protini ya ndani inayoitwa protini G, na hiyo ndo inakwenda kufungulia potasiamu itoke na moyo unatulia.

Hizo ndo familia kuu mbili za vipokezi. Vya tundu ni vya haraka, tunaongelea sehemu ndogo ya sekunde. Vya protini G ni vya taratibu lakini kelele yake ni kubwa, kipokezi kimoja kikiamka kinaweza kuamsha protini nyingi ndani ya seli, zikabadilisha kazi za seli kwa sekunde, dakika, wakati mwingine mpaka jeni zinazosomwa. Dopamini ina vipokezi vya aina 5 na vyote ni vya protini G, kituko ni kwamba D1 na D5 vinaichangamsha seli wakati D2, D3 na D4 vinaituliza. Molekuli moja, majibu mawili yanayopingana, wakati mwingine kwa seli zilizokaa jirani.

Shuleni tulifundishwa kufuli na ufunguo, na sikatai, kwa kuanzia inasaidia. Ila kufuli halichoki kwa kufunguliwa mara nyingi, halijiondoi mlangoni, wala haliwezi kufunguka nusu, na vipokezi vinafanya hayo yote. Kipokezi ni protini inayocheza cheza muda wote, inabadilika umbo yenyewe hata kabla haijashikwa, na kinachofanya nyurotransmita ni kulishikilia umbo mojawapo lidumu zaidi. Ukilielewa hilo, dawa nyingi zinaanza kuleta maana.

Kuna molekuli inayokaa kwenye kipokezi na kukiamsha kabisa, mofini kwa mfano, ile dawa kali ya maumivu, kwenye vipokezi vya afyuni. Kuna inayokiamsha kiasi tu hata ukiongeza dozi vipi, hapo ndo ilipo buprenofini, na ndo sababu inatumika kutibu uraibu wa heroini, inakaa kwenye kipokezi inaondoa arosto lakini ina kikomo. Na kuna inayokaa bila kufanya chochote, inaziba nafasi tu. Naloksoni iko kundi hilo, inang'ang'ania kipokezi kuliko mofini, inaisukuma nje na mtu aliyekuwa hapumui anapumua ndani ya dakika chache. Tahadhari hapa: naloksoni inaisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90 hivi wakati heroini au dawa nyingine aliyotumia inaweza kuwa bado imo mwilini, mtu akazama tena, kwa hiyo hata kama kaamka anadai yuko poa lazima apelekwe hospitali. Kafeini, ile ya kwenye kahawa na chai, nayo ni ya kundi la kuziba, inakalia vipokezi vya adenosini, ile kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi. Kafeini haikupi nguvu, inazuia tu habari ya uchovu isipokelewe, na adenosini yenyewe ipo pale pale inasubiri.

Dawa nyingine hata hazigusi ile sehemu ya nyurotransmita. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, inakaa pembeni kwenye kipokezi cha GABA, na GABA ndo nyurotransmita kuu ya kutuliza ubongo, ikifika inafungua tundu la kloraidi na seli inapoa. Diazepamu peke yake haifungui tundu, inachofanya ni kulifanya lifunguke mara nyingi zaidi GABA ikija. Ukichanganya na pombe, ambayo nayo inaisaidia GABA, au na dawa za jamii ya afyuni, upumuaji unaweza kusimama, na hili silisemi kutishana.

Upande wa kuchangamsha kuna glutamati, haina umaarufu wowote mtandaoni na ndo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Mojawapo ya vipokezi vyake, NMDA, kwangu mimi ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvisoma. Tundu lake limezibwa na magnesiamu. Glutamati ikija peke yake haitoshi, lazima seli inayopokea iwe tayari imechangamshwa ndo magnesiamu inatoka, afu kalsiamu inaingia na ule muunganiko wa seli mbili unaimarishwa. Kwa hiyo kipokezi kimoja cha protini kinatambua kwamba mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja, na huo ni msingi mmojawapo wa kujifunza na kukumbuka. Ketamini, ile dawa ya nusu kaputi, inaingia humo humo kwenye tundu na kuliziba.

Tuje kwenye kitu ambacho watu hawaambiwi, idadi na ukali wa vipokezi haukai vile vile. Seli ikipigwa kelele nyingi kwa muda mrefu inajilinda, vipokezi vinapoteza makali, vingine vinavutwa ndani ya seli kabisa. Ndo mtu wa heroini anavyojikuta anahitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha kwa muda, gerezani au kwenye matibabu, vipokezi vinarudi kwenye hali yake, na siku akirudia ile dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Kwa pombe na diazepamu ubongo umeshazoea kutulizwa na umejipanga upya kwa ajili hiyo, ukikata ghafla kinachobaki ni uchangamshaji mtupu, degedege linaweza kufuata, kwa hiyo kama umezitumia kwa muda mrefu kuacha kunafanywa taratibu na daktari akisimamia, usijiamulie tu asubuhi moja.

Mabadiliko hayo pengine yanaeleza pia kwa nini dawa za sonona kama fluoksetini zinachukua wiki kadhaa. Kuzuia serotonini isirudishwe kwenye seli iliyoitoa kunaanza ndani ya masaa, sasa kama tatizo lingekuwa "serotonini imepungua" tu, mtu si angepata nafuu siku hiyo hiyo? Maelezo mojawapo yanayotajwa sana ni kwamba seli za serotonini zina vipokezi vyao wenyewe vya kujichunga, serotonini ikizidi vinaziamuru zipunguze utoaji, na inachukua wiki mpaka vipokezi hivyo vizoee na kulegea.

Sasa hivi utafiti uko kwenye maumbo. Brian Kobilka na Robert Lefkowitz walipata Nobeli ya kemia mwaka 2012 kwa kazi ya vipokezi vya protini G, ambavyo binadamu ana zaidi ya 800 na karibu theluthi ya dawa zilizoidhinishwa zinavilenga. Ilionekana kipokezi kikiamshwa kinaweza kuongea na protini G au na protini nyingine inayoitwa arestini, kutegemea kimeshikwa vipi, na watu wakapata matumaini kwamba itapatikana dawa ya maumivu ya jamii ya mofini itakayochagua upande mmoja na isizuie kupumua. Oliseridini ilitengenezwa kwa wazo hilo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa matumizi ya hospitali, na imeidhinishwa ikiwa na onyo lile lile la kuzuia kupumua.