Giaboksi ya Helikopta na Dakika 30 za Kwenye Cheti

Helikopta kubwa ya abiria huwa na injini mbili: moja ikizima, nyingine inaweza kuwafikisha watu salama. Giaboksi kuu ni moja tu. Ndiyo inayopokea nguvu za injini zote na kuzungusha mapanga ya juu na ya mkiani, nayo ikikauka oili, meno yake husagana na kupata moto hadi yayeyuke. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani zilidai giaboksi iweze kuhimili dakika 30 baada ya kupoteza oili, rubani apate muda wa kutafuta pa kutua.

Lakini kanuni iliacha mwanya: mtengenezaji alipoonyesha kwamba oili kupotea ni jambo la nadra mno, alisamehewa dakika hizo.

Mwaka 2002 Sikorsky, watengenezaji wa helikopta wa Marekani, walijaribu giaboksi ya helikopta yao ya S-92 bila oili. Ilidumu takriban dakika 11. Waliongeza vali ya kukata njia ya oili iendayo kwenye kipozeo, wakajenga hoja kwamba uvujaji wa sehemu nyingine yoyote ni wa nadra mno. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) ikakubali, cheti kikatolewa.

Kumbe kikombe cha filta ya oili kilishikiliwa na bolti tatu za titani. Kila filta ilipobadilishwa, nati zilifunguliwa na kukazwa tena, na titani ina tabia ya kukwaruzika inaposuguana. Nyuzi za bolti zilichubuka, nati zikawa hazikazi sawasawa, na mtikisiko wa kila safari ukaanza kuzipasua bolti taratibu. Julai 2008, huko Australia, S-92 moja ilipoteza oili kwa namna hiyohiyo ikawahi kutua. Januari 2009 mtengenezaji akaagiza bolti za chuma zifungwe, ila akatoa muda wa saa 1,250 za kuruka au mwaka mzima. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kulaumu zaidi, maana onyo lilikwisha kuja.

Tarehe 12 Machi 2009, S-92 ya Cougar, kampuni ya helikopta ya Kanada, iliondoka St. John's, Kanada, na watu 18, kuelekea visima vya mafuta baharini. Bolti zikakatika, presha ya oili ikaporomoka. Marubani wakageuza kurudi nchi kavu. Walitazama kipimo cha joto la oili wakitarajia kwamba kitapanda, lakini hakikupanda, kwa kuwa hapakubaki oili ya kupimwa. Wakaendelea kuruka futi 800 juu ya bahari badala ya kutua majini mara moja. Yapata dakika 11 baada ya presha kushuka, gia inayoendesha panga la mkiani ikaharibika, na helikopta ikaanguka baharini. Watu 17 walikufa, mmoja aliokolewa.

Siku 11 baadaye FAA iliamuru bolti zibadilishwe kabla ya S-92 yoyote kuruka tena. Wachunguzi wa Kanada, katika ripoti ya 2011, walitaka kifungu cha "nadra mno" kiondolewe.

Shirika linalokodi helikopta kupeleka wafanyakazi wake baharini lisiishie kuuliza kama ina cheti. Liombe kuonyeshwa giaboksi hiyo ilidumu dakika ngapi ilipojaribiwa bila oili, na kama dakika hizo zinatosha kufika nchi kavu kutoka kwenye kisima cha mbali kabisa.