Headbutt: dhana potofu kuhusu kitenzi cha Kiingereza cha kumpiga mtu kwa kichwa

Dhana: "Headbutt" ni kichwa kilichounganishwa na makalio.

Ukweli: Hapa ndipo wengi huteleza, na si ajabu, kwa kuwa maneno mawili yasiyohusiana yameishia kuandikwa na kutamkwa sawasawa. "Butt" ya makalio ni jamaa ya "buttock". Inabeba pia maana ya upande mnene wa kitu, na ndiyo sababu kitako cha bunduki nacho ni "butt". Kitenzi "butt", cha kupiga kwa kichwa, kilipita njia nyingine kabisa. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 waliingia na Kifaransa chao, kilichokuwa na kitenzi "buter", yaani kusukuma au kugonga. Kufikia mwaka 1200 hivi kilikuwa kimeshaingia kwenye Kiingereza. Wafaransa nao walikirithi kutoka lugha za kale za jamii ya Kijerumani, ambayo Kiingereza nacho kimo, kwa hiyo kina undugu wa mbali na "beat", kupiga. Kitenzi hichohicho cha Kifaransa ndicho kilichozaa "rebut", kukanusha hoja, na pia "button", kwa kuwa kifungo ni kitu kinachosukumwa kikatokeza.

Kiunganishi "but", lakini, hakimo katika ukoo huu. Chenyewe ni Kiingereza cha kale, na mwanzoni kilimaanisha "nje ya".

Dhana: Lazima mnyama awe na pembe.

Ukweli: Beberu aliyekatwa pembe akikukumba kwa paji la uso, hiyo ni "butt" kamili. Sisi tunasema "kupiga pembe" hata pembe ikitoboa nyama, Kiingereza kinatenganisha. Nyati akimchoma mtu kwa pembe, kitenzi ni "gore". Ukiandika "butt" hapo, msomaji ataelewa kwamba mtu alisukumwa tu, hakuchomwa.

Dhana: "Head" na "headbutt" ni kitu kimoja.

Ukweli: Kosa hili limejaa kwenye taarifa za mpira, kwa sababu kwa Kiswahili "kapiga kichwa" hutosha kwa yote mawili. Mpira ukipigwa kwa kichwa, andika "he headed the ball". Akipigwa mtu, ni "headbutt". Katika fainali ya Kombe la Dunia, Berlin, tarehe 9 Julai 2006, dakika ya 110, Zinedine Zidane alimpiga Marco Materazzi kifuani akala kadi nyekundu. Wapo wanaobisha kwamba hiyo haikuwa "headbutt" kwa kuwa kichwa hakikukutana na kichwa. Ilikuwa. Neno linataja kiungo kilichopiga, si mahali pigo lilipotua. "Butt heads" ndiyo inayohitaji vichwa viwili, na mara nyingi maana yake ni kuvutana kwa maneno tu.

Dhana: "The butt of a joke" ni mtu anayepigwa kichwa na mzaha.

Ukweli: Hapana. Hiyo ni shabaha ya wapiga mishale, kutoka neno la Kifaransa "but", ambalo mpaka leo Wafaransa hulitumia kwa goli.

"Butt in", kudakia mazungumzo, ndiyo yenye asili ya kukumba. Ni msemo wa Wamarekani. Haichukui yambwa, yaani anayetendewa, moja kwa moja: usiandike "he butted in us", andika "he butted in on us". Na wakati uliopita ni "butted", t mbili zilezile za mwanzo, wala isiongezwe ya tatu.