Ini la Bedlington: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu ugonjwa wa shaba

Bedlington Terrier ni mbwa wa wachimba makaa wa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, na jina lake ni la mji wa huko. Ukimwona kwa mbali utadhani ni mwanakondoo, ingawa kazi yake ya asili ilikuwa kuua panya na kukimbiza sungura. Katika miaka ya 1970 watafiti walibaini kwamba wengi wa mbwa hawa wana kasoro ya kurithi: shaba inayotoka kwenye chakula inarundikana katika ini badala ya kutolewa kupitia nyongo. Tangu hapo wafugaji na wanunuzi wamekuwa wakibishana, na baadhi ya hoja zao utazisikia popote pale mbwa wa mbegu wanapouzwa.

"Baba na mama ni wazima, kwa hiyo watoto watakuwa wazima."

Hii ndiyo dhana iliyoleta hasara kubwa kuliko zote. Kila mbwa ana nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) inayohusika, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja mbovu huitwa mbebaji; haugui, na wala kwa macho humtambui. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbovu zote mbili. Ni kila mtoto, si mmoja katika kila watoto wanne. Uzao wa watoto 4 unaweza kutoka bila mgonjwa hata mmoja, na kwa hesabu hilo hutokea karibu mara 3 katika kila mizao 10. Mfugaji akishabahatika hivyo mara moja au mbili, huapa kwamba damu yake ni safi.

Hata mgonjwa mwenyewe huzaliwa mchangamfu. Shaba huongezeka taratibu kwa miaka, na wengi huanza kuonyesha dalili wakiwa wakubwa. Wengine huanguka ghafla baada ya mwili kupata mkikimkiki, kama vile jike aliyetoka kuzaa: anakataa chakula, anatapika, ufizi na macho vinageuka manjano. Kufikia hapo huenda watoto wake wa mizao ya awali wameshauzwa.

"Ana cheti cha ukoo."

Cheti kinakuambia wazazi wake ni akina nani. Hali ya maini yao hakiisemi.

"Mbebaji ahasiwe, jeni mbovu iishe."

Msimamo huu unasikika kuwa wa uadilifu, na wanaoutetea huutetea kwa sauti kubwa. Tatizo ni kwamba Bedlington ni wachache duniani na wabebaji kati yao walikuwa wengi mno. Ukiwaondoa wote kwa mkupuo, wanaobaki watapandishwa ndugu kwa ndugu, na kasoro nyingine zilizojificha zitapata nafasi ya kukutana. Umefukuza ugonjwa mmoja, umekaribisha usioujua.

Njia ya busara ni ya polepole. Mbebaji mwenye tabia njema na umbo zuri apandishwe na mbwa asiye na nakala mbovu. Watoto wanaougua ugonjwa huu hawatakuwepo. Kwa wastani nusu watakuwa wabebaji, nusu wasafi. Wapimwe wote, na anayebakizwa kwa uzazi awe msafi kila inapowezekana. Hivyo jeni hupungua kizazi baada ya kizazi bila kuwatupa mbwa wazuri.

"Siku hizi kuna kipimo cha DNA, kazi imekwisha."

Kipimo cha kwanza, cha miaka ya 1990, hakikuigusa jeni yenyewe. Kilitazama alama iliyo jirani nayo, na katika baadhi ya koo alama hiyo ilidanganya. Mwaka 2002 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walipata chanzo: kipande kilichokatika katika jeni ambayo sasa inaitwa COMMD1. Kipimo kikawa cha uhakika zaidi, lakini wamepatikana Bedlington wenye shaba nyingi ambao kipande hicho kwao hakijakatika. Kwa hiyo kumega kinyama cha ini na kupima shaba iliyomo bado kuna kazi yake. Ini la kawaida lina chini ya mikrogramu 400 kwa gramu ya ini lililokaushwa. La mgonjwa hufika maelfu. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi, kwani mwanzoni majibu yanaweza kuonekana ya kawaida.

Anayenunua aombe majibu ya wazazi wote wawili, yenye namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya kila mbwa. Muuzaji anayesema "tumepima, hakuna shida" bila karatasi, mimi ningemuaga kwaheri.

"Akigundulika, ni wa kufa."

Si lazima, hasa akigundulika mapema. Dawa ya penisilamini hunasa shaba na kuitoa kwa mkojo, zinki hupunguza kiasi kinachofyonzwa na utumbo, na daktari wa mifugo atapanga chakula chenye shaba kidogo. Maini, ambayo wengi huwapa mbwa kama zawadi, ndiyo ya kwanza kuondolewa. Mbwa wa namna hii anaweza kuishi vizuri miaka mingi nyumbani, ila kwenye uzazi asiingizwe.